Pa Kumpeleka Mgeni

Kuna maswali madogo yanayoweza kumtoa mja kijasho chembamba kuliko mtihani wowote. Swali la aina hiyo lilimfika mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Garsen, alasiri moja mapema mwaka wa 2024 akiwa maktabani chuoni kwao. Mwenzake wa chumba kimoja bwenini, msichana wa Nyeri, alikuwa akipekua jarida lililobeba makala kuhusu wakazi wa miji ya Ulaya na mahali wanapopenda kwenda siku za mapumziko. Jambo lililomfurahisha ni kwamba wakazi hao hawakutaja makasri wala makumbusho yanayochapishwa kwenye kadi za posta. Mkazi wa London alitaja Hampstead Heath, uwanda wa nyasi na miti ambako watu huenda kutembea na kuogelea katika vidimbwi. Wa Vienna alitaja Alte Donau, yaani Danube Kuukuu, ambako watu wa mji huo huogelea na kupiga makasia msimu wa joto.

"Na huko kwenu Garsen," akauliza msichana wa Nyeri, "wenyeji hupenda kwenda wapi? Nikija likizo utanipeleka wapi?"

Mzaliwa wa Garsen alicheka ili apate muda wa kufikiri. Kisha akasema, "Kwetu hakuna kitu. Basi la Lamu husimama, abiria wakanunua maembe, likaondoka."

Jawabu hilo liliyakata mazungumzo, lakini halikumwondokea aliyelitoa. Usiku ule alijigeuza kitandani akijiuliza jinsi mtu aliyeweza kuandika kurasa sita juu ya mandhari ya riwaya, tena riwaya ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, alivyoshindwa kutunga sentensi moja juu ya mandhari yaliyomlea. Alikumbuka kwamba jina la kwao husikika redioni kwa mambo matatu tu: mafuriko, ukame na mapigano. Pengine naye alikuwa amezoea kukisikiliza kwao kama wanavyokisikiliza wageni. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni hajafika bado, ila swali lake lilikuwa limetangulia, na mwenyeji alikwisha kujigundua kuwa mgonjwa.

Alipokwenda nyumbani mwezi wa Agosti, alibeba daftari jipya. Ukurasa wa kwanza aliugawa kwa mstari wa wima. Upande mmoja aliandika "Mtu", na upande wa pili "Mahali anapopenda kutembelea". Alidhani kazi ile ingemalizika kwa siku mbili.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa bibi yake mzaa baba, Mpokomo aliyezaliwa na kulelewa kando ya Mto Tana. Bibi alikuwa ameketi barazani akipeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, wewe hupenda kutembelea mahali gani?"

Bibi aliuweka ungo chini. "Mahali? Mimi hutembelea watu. Mahali nikifika nitapaambia nini?"

Mjukuu alikuwa na shahada ya kwanza nusu mkononi, na mnyambuliko wa vitenzi aliujua kama alivyoijua njia ya kisimani. Lakini hakuwa amewahi kukitazama kitenzi hiki kwa jicho la bibi. Kutembea, katika Kiswahili cha pwani, mara nyingi si kupiga hatua tu. Mtu asemapo amekwenda kutembea Witu, haulizwi alitembea kilomita ngapi. Huulizwa alifikia kwa nani. Nayo kauli ya kutendea, inayotuletea kutembelea, hudai yambwa wake, na kwa wazee yambwa huyo ni binadamu. Kutembelea mahali, kama mtalii atembeleavyo kasri, ni matumizi yaliyokuja baadaye. Mwanafunzi aliufuta upande wa pili wa ukurasa akaandika upya: "Mahali, na anayekutwa hapo".

Kwa muulizo huo mpya bibi hakusita. Alitaja bandarini. Si bandari ya meli, bali pale ukingoni ambapo mitumbwi hufungwa na akina mama huteka maji, hufua na kuoga. Hapo ndipo alipojua nani ana mimba, nani ameposwa na nani amelala bila kula. Aliongeza kwamba bandari hiyo imehama mara mbili katika aushi yake. Ya kwanza ilimezwa na mafuriko ya mwaka wa 1961 alipokuwa msichana mdogo. Ya pili ilikwenda na mvua za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998. "Ile ya kwanza sasa iko katikati ya mto," alisema, "na wanaoitembelea ni mamba." Hata hivyo hakuisikitikia. Kila ukingo ulipomeguka, wanawake walitafuta mteremko mwingine, wakauita bandarini kama ule wa mwanzo, na mazungumzo yakaendelea pale yalipokatikia.

Hapo bandarini ndipo watoto walipobembelezwa migongoni mwa mama zao. Wengi wanaosimama wima kuuimba wimbo wa taifa la Kenya hawafahamu kwamba lahani yake ilitoka katika wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Mwaka wa 1963, Kenya ilipojiandaa kwa uhuru, kamati ya wanamuziki waliokuwamo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume iliichukua lahani hiyo ikaipa maneno mapya. Mwanafunzi aliwaza jinsi alivyokuwa akisimama katika gwaride la shule kila Jumatatu, miguu pamoja na mikono ubavuni, akiimbiwa na nchi nzima sauti ya nyanya zake, naye akaja kusema kwao hakuna kitu.

Wa pili alikuwa kaka yake, kijana anayeendesha bodaboda kati ya Garsen na Minjila. Huyu alijibu bila kuzima pikipiki: darajani, jua linapotua. Daraja la Garsen huubeba mguu wa barabara iendayo Witu na Lamu, na kwa vijana hapo ndipo ukumbi wa mji ulipo. "Kila mtu hupita pale," alisema. "Ukikaa nusu saa umeonana na kaunti nzima." Wakati wa machweo maji huwa ya rangi ya chai ya maziwa, korongo hurudi makundi kwa makundi kulala mitini, na mabasi ya Mombasa hupunguza mwendo.

Wazee waliposikia jibu hilo walitabasamu, kwani wao walikuwa na ukumbi uliolitangulia daraja. Zamani magari na abiria walivushwa kwa feri iliyovutwa kwa mikono. Mto ulipojaa, feri haikuthubutu kuvuka, na wasafiri walikaa siku kadhaa wakiungoja upungue. Katika kungoja huko watu walipika pamoja, wakakopeshana, wakaozana. Mzee mmoja aliapa kwamba mke wake ni zawadi ya mafuriko: yeye alikuwa ng'ambo ya huku, mwanamke alikuwa abiria aliyekwama. Daraja lilipokuja, watu walivuka kwa dakika moja na hapakuwa na sababu tena ya kumjua jirani wa safari. Vijana wanapokwenda kukaa pale jioni, pengine wanakitafuta kile kilichokuwa kikitolewa bure na feri.

Mji wenyewe umejifunza kuusikiza mto. Garsen ya zamani iko bondeni, na kila gharika iliyotokea iliwasukuma watu kuelekea Minjila, kwenye ardhi iliyoinuka ambapo barabara ya Malindi hukutana na ile ya Hola na Garissa. Mwishoni mwa mwaka wa 2023, na tena Aprili na Mei mwaka wa 2024, maji yalifurika yakazitoa familia nyingi majumbani. Alama ya matope ilikuwa bado inaonekana kwenye kuta za nyumba ya bibi, ikifika usawa wa goti.

Mjomba wake, mwalimu mstaafu, hakuridhika na jibu la maneno matupu. Alimwambia mpwa wake avae viatu imara, wakaondoka. Siku ya kwanza walikwenda Ngao. Huko, mwaka wa 1887, wamishenari Wajerumani wa Neukirchen walianzisha kituo chao. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, ndiye aliyeandika sarufi na msamiati wa Kipokomo kabla ya karne ya 19 kumalizika. Mjomba alilisisitiza jambo hilo akijua anazungumza na mwanafunzi wa lugha. Kipokomo, alisema, si lahaja ya pembeni ya kuonewa haya. Wataalamu wa isimu historia wamekiweka katika kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili, lugha za Wamijikenda na Kikomoro. Basi anayemcheka Mpokomo kwa lafudhi yake anamcheka ndugu yake wa tumbo moja.

Kutoka Ngao walipita Golbanti, ambako wamishenari wa Kimethodisti John na Annie Houghton waliuawa mwaka wa 1886 wakati Wamaasai walipokivamia kituo hicho. Kisha walielekea Ziwa Shakababo. Ziwa hilo, kama mengine kadhaa ya delta, lilikuwa sehemu ya mto hapo kale. Tana ilipojikatia njia nyingine, kipande hicho kiliachwa nyuma na kugeuka ziwa. Mto ukifurika hulijaza na kulitilia samaki. Mto ukinywea, ziwa nalo hupungua hadi likabaki tope. Mjomba alieleza kwamba tangu mabwawa ya umeme yalipoanza kujengwa huko juu, Kindaruma mwaka wa 1968, Masinga mwaka wa 1981, Kiambere mwaka wa 1988, mafuriko hayaji tena kwa kipimo walichokizoea wakulima. Ile gharika ya wastani iliyoleta rutuba na kujaza maziwa imezuiwa, na ile kubwa isiyozuilika ndiyo hushuka kwa kishindo.

"Kwa hiyo wewe hupenda kuja kulitazama ziwa?" mpwa aliuliza, kalamu tayari.

"Huja kuwaona wavuvi," alijibu mjomba. "Ziwa hulitazama wao wanapochelewa."

Juma lililofuata walikwenda Kipini. Basi liliwafikisha Witu, na kutoka hapo wakapanda bodaboda hadi mto unapokutana na Bahari ya Hindi baada ya safari ya kilomita zipatazo 1,000. Mjomba alimwelekeza mahali ambapo mapokezi ya wenyeji husema amezikwa Fumo Liyongo. Mwanafunzi alisimama kimya. Alikuwa ameusoma utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913. Alikuwa amejibu swali la mtihani juu ya sindano ya shaba na usaliti wa mwana, akapata alama nzuri. Alijua maudhui, dhamira na fani ya kifo kile, ila hakuwa ameambiwa kwamba marehemu yuko katika kaunti yake. Si mbali na hapo yamo pia magofu ya Ungwana, mji wa kale wa Waswahili uliofukuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950.

Jioni walikaa na nahodha mmoja ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa mjomba. Bayana kabisa, huyo ndiye aliyefuatwa tangu asubuhi. Kaburi na magofu vilikuwa kitangulizi tu. Nahodha alieleza kwamba hata mlango huu wa mto haukuwa hapa tangu jadi. Tana ilikuwa ikiingia baharini upande wa kusini zaidi, na maji yaliyopita Kipini yalikuwa ya mto mdogo wa Ozi. Katika karne ya 19, watawala wa Witu walichimbisha mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipite kutoka Tana hadi Ozi. Mfereji ulikuwa mwembamba. Mto uliuonja, ukaupenda, ukaupanua mwaka baada ya mwaka, mwishowe ukahamia humo wote.

Ndipo mwanafunzi alipokumbuka jarida la maktabani. Ile Danube Kuukuu ya watu wa Vienna nayo ilibaki kuwa ziwa baada ya binadamu kuuhamisha mto katika miaka ya 1870 kwa kuuchimbia njia mpya. Watu wa kule walipoteza mto wao wa zamani, wakapageuza palipobaki kuwa mahali pa kuogelea na kupoteza wakati. Kumbe Shakababo na Alte Donau ni ndugu. Tofauti ni kwamba mmoja aliandikiwa makala na mwingine bado.

Nahodha hakuwa na sifa tupu za kutoa. Mto unapokosa nguvu, alisema, bahari hupanda. Huko Ozi, juu kidogo ya Kipini, maji ya chumvi yameingia mashambani na kuikausha mipunga na miembe. Watu wanaokwenda kuwatembelea jamaa zao Ozi hubeba madumu ya maji ya kunywa, ilhali wanakwenda kwenye mto mkubwa kuliko yote nchini.

Daftari lilikuwa linajaa, na mwanafunzi alianza kuona furaha ya mkusanyaji. Lilibaki jina moja tu lisilokuwa na kitu mbele yake, jina la baba. Kila alipomuuliza, baba alipata kazi ya kufanya. Usiku mmoja, taa ikiwa imeshushwa, alijibu bila kuulizwa.

"Nilikuwa nikipenda kwenda malkani."

Mtu anayesoma lugha hawezi kuupuuza wakati wa kitenzi. Bibi alisema napenda, kaka alisema napenda, mjomba na nahodha vivyo hivyo. Baba peke yake ndiye aliyesema nilikuwa nikipenda, ingawa malka yenyewe haikumezwa na mto. Iko pale pale, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani.

Malka ni neno la Waorma kwa kivuko au njia ambayo mifugo huteremkia mtoni kunywa maji. Ukingo wa mto ni wa mashamba ya Wapokomo, na nyuma yake kuna malisho ya Waorma na Wawardei. Kati ya shamba na shamba huachwa malka, ili ng'ombe wafike majini bila kukanyaga mahindi ya mtu. Wakati wa kiangazi mifugo hutoka mbali sana kuja kwenye delta, na malka huwa mlango pekee kati ya uhai na kifo chake. Enzi za ujana wa baba, hapo palikuwa pia soko lisilo na paa. Mpokomo alileta mchele, ndizi na maembe. Muorma alileta maziwa na samli. Baba alikuwa na rafiki Muorma waliyeitana ndugu. Ng'ombe wawili wa baba walichungwa katika kundi la ndugu huyo, na magunia ya ndugu huyo yalihifadhiwa ghalani mwa baba.

Kisha ukaja mwaka wa 2012. Mnamo tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilishambuliwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikafuata Kilelengwani. Desemba ikafuata Kipao. Kwa jumla zaidi ya watu 100 walipoteza maisha kabla ya mwaka kwisha, Wapokomo kwa Waorma, na askari polisi waliopelekwa kutuliza nao walizikwa. Maji na malisho yalikuwa sababu ya kweli. Uchaguzi wa Machi 2013 uliokuwa ukikaribia ulikuwa upepo juu ya moto. Mwaka huohuo delta ya Tana, hekta zipatazo 163,600, iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu kwa ulimwengu mzima. Ulimwengu ulipaona kuwa mahali pa thamani wakati uleule ambapo wenyeji walikuwa wakipakimbia.

Mwanafunzi alikuwa na umri wa miaka kumi wakati huo. Alichokumbuka ni kulala na viatu miguuni. Hakujua kwamba tangu siku zile baba yake hakukanyaga tena malkani. Hakuwa na uadui na mtu. Aliogopa kwanza, baadaye akaona haya kwa kuwa alikuwa ameogopa, na miaka ikapita. Gharika iliihamisha bandari ya bibi mara mbili na haikuiua, kwa sababu waliokutana pale waliendelea kukutana. Malka haikuguswa hata na tone la maji ya ziada, nayo ilikuwa imekufa kwa miaka kumi na miwili katika kitenzi cha baba.

"Twende," alisema binti.

"Kufanya nini?"

"Kutembea."

Walikwenda Ijumaa asubuhi. Baba alibeba mfuko wa mchele wa bibi, akawa anauhamisha kutoka bega hili hadi lile kama mtu asiyejua mzigo wake hukaa wapi. Walisikia kengele za ng'ombe kabla ya kuyaona maji. Chini ya mkuyu walikuwa wameketi wanaume watatu. Mmoja wao, mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliinuka akiegemea fimbo yake.

"Umepotea," alisema.

"Tumepotea sote," alijibu baba.

Walishikana mikono kwa muda mrefu. Maziwa yakamiminwa katika kikombe cha bati, akapewa kwanza binti kama ilivyo desturi ya kumheshimu mgeni, na mzee akauliza ni mtoto wa ngapi. Walihesabiana hasara zao bila kuharakisha. Mzee alipoteza zaidi ya nusu ya kundi lake katika ukame wa kuanzia mwaka wa 2020 hadi 2022. Wale ng'ombe wawili wa baba walikuwa wamezaa, wakauzwa wengine, wakafa wengine. Alibaki mtamba mmoja, na mzee alimwonyesha kwa ncha ya fimbo. Alikuwa amemtunza muda wote huo.

Baadaye, maziwa yalipokwisha kikombeni, mzee alisema lililokuwa moyoni mwake. "Ndugu yangu, mahindi yako yamesimama katika njia ya ng'ombe wangu."

Baba aliinamisha macho. Ilikuwa kweli. Katika miaka ile ambayo hakuna aliyepita, yeye na majirani walikuwa wakiongeza mstari mmoja wa mahindi kila msimu, hadi malka iliyokuwa na upana wa kupitisha kundi zima ikabaki ya kupita ng'ombe wawili wawili. Hakuna aliyeamua kuiba njia ya mtu. Ardhi ilionekana imelala bure, na mkulima haoni ardhi ikilala bure akanyamaza. Vijana wawili wa mzee walikuwa wakisikiliza kwa makini. Binti alihisi mkono wake ukitafuta viatu vyake, kama ule mkono wa miaka kumi.

"Yana wiki tano kukomaa," alisema baba. "Nipe wiki tano. Tukivuna, tutakuja na kamba tupime tulipokuwa."

"Na majirani zako?"

"Hao nitawaeleza mimi."

Mzee hakusema ndiyo wala la. Alimwita mmoja wa vijana wake, akamwamuru awapitishe ng'ombe pole pole, wawili wawili. Baba naye alisimama ukingoni mwa shamba lake, mikono imepanuliwa, akiwazuia wasiingie kwenye mahindi. Wakafanya kazi hiyo hadi adhuhuri.

Usiku huo mwanafunzi alimwandikia mwenzake wa Nyeri barua, kwa kuwa simu aliiona fupi mno kwa jambo lile. Alimwomba radhi kwa uongo aliomwambia maktabani. Alimwalika mwezi wa Desemba, maembe yakiwa tayari. Alimwandikia kwamba siku ya kwanza watakwenda bandarini na bibi, na asubuhi hiyo asivae nguo asizotaka zilowe. Siku ya pili watakaa darajani jioni, na kaka atawatajia kila anayepita. Kisha Ngao, Golbanti na Shakababo pamoja na mjomba, ambaye atawasomesha sarufi njia nzima. Kisha Kipini, wamsalimie Liyongo, wale samaki kwa nahodha. Alimkumbusha pia kwamba mito ya Nyeri ndiyo inayoinywesha Tana, kwa hiyo maji atakayoyaona yatakuwa yamepita mlangoni kwao kabla ya kufika Garsen.

Juu ya malka aliandika mistari mitatu tu. Alisema kwamba ni mahali anapopenda baba yake. Alisema mahindi yatakuwa yamevunwa kufikia Desemba, ila hajui kama kamba itakuwa imekwisha kupimwa, wala majirani watakavyolipokea jambo hilo. Akamwomba alete vikombe viwili vya bati kutoka sokoni, kwani kile cha mzee ni kimoja, na safari hiyo watakuwa wengi.